Siku tisa za kumtafuta mwenye mto

Wiki hii niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, sehemu ya tatu. Mniwie radhi, somo litangoja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya maji. (Mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba hata hivyo hifadhidata imo ndani.)

Kisa ni hiki. Kwetu ni Mabanga, kaunti ya Bungoma, ingawa kazi yangu ya kuandika programu iko Kitale. Jumanne moja asubuhi senge, yaani shangazi yangu upande wa baba, alinipigia simu kabla sijanywa chai.

"Mwanangu, si wewe ni mtu wa tarakilishi? Tutafutie mwenye maji. Kijito kimetoa povu na kinanuka kama dawa ya mahindi."

Kijito chenyewe ni kidogo, hakina hata jina kwenye ramani nyingi, lakini maji yake hatimaye huingia mto Nzoia. Senge huchota hapo maji ya ng'ombe na ya kufulia, na chemchemi ya kunywa iko hatua chache tu kutoka ukingoni. Wajukuu wawili walikuwa wameanza kuharisha. Huenda ni povu, huenda ni kitu kingine, mimi si daktari. Senge hakuniuliza sababu. Aliuliza swali moja tu: tumwambie nani?

Nikamwambia, "Senge, nipe dakika kumi."

Dakika kumi! Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi. Nalipwa kutafuta vitu vilivyopotea ndani ya mifumo ya watu wengine. Nilichukua siku TISA.

Siku ya kwanza nilitafuta mtandaoni. Nilikuta majina mengi kweli kweli, na mengi yalikuwa ya taasisi zilizokwisha kufutwa. Mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Maji ya 2002 bado imejaa kwenye kurasa za zamani, pamoja na bodi za huduma za maji za enzi hiyo, ilhali Sheria ya Maji ya 2016 ilibadilisha yote hayo. Nambari ya kwanza niliyopiga haikuwepo tena. Ya pili iliita bila kupokewa.

Siku ya pili nilimpata mtu. Akaniambia kwa upole kwamba wao wanahusika na maji yaliyo ndani ya bomba tu, maji ya kijito si yao. Siku ya tatu, ofisi nyingine: wao wanahusika na uchafu, lakini nilete kwanza matokeo ya maabara. Nikauliza, sampuli huchukuliwa na nani? Wakanirudisha kwa wale wa kwanza. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye, kisha Mabanga, nikajaza maji kwenye chupa ya soda. Chupa hiyo haikunifaa kitu. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba sampuli isiyochukuliwa na mtaalamu kwa utaratibu wake haina uzito mbele ya mtu yeyote.

Siku ya nane ndipo nilipompata afisa anayehusika. Mnajua nilimpataje? Rafiki niliyesoma naye ana mjomba, na mjomba anamjua mtu. Hivyo tu. Si kwa tovuti, si kwa ubao wa matangazo. Kwa kujuana.

Siku ya tisa, Jumatano, afisa alifika, na nasema wazi kwamba alikuwa mtu mwema na mwenye kujua kazi yake. Alisimama ukingoni, akatazama maji. Yalikuwa safi. Povu lilikwisha kwenda zake siku nyingi. Akanigeukia: "Kijana, ungenipigia siku ile ile."

(Sitataja ofisi zilizonizungusha. Hakuna karani hata mmoja aliyenijibu vibaya au kuniomba kitu. Kila mmoja alisema kweli kuhusu meza yake. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.)

Ushahidi wa mto hutembea

Mwizi akivunja duka, kufuli lililovunjwa linabaki pale pale hadi polisi wafike. Anayemwaga sumu mtoni hana wasiwasi huo. Mto wenyewe humbebea ushahidi, kwa saa chache, hadi Nzoia, kisha Budalang'i, kisha ziwani. Kwa hiyo muda anaotumia mwananchi kutafuta ofisi si usumbufu mdogo wa kiserikali. Ni kinga ya mchafuzi. Kila siku niliyozungushwa ilikuwa zawadi kwake, na sheria zote nzuri tulizonazo hazikumgusa kwa sababu hazikumfikia kwa wakati.

Wazee wa Webuye watasema zamani haikuwa hivi. Kiwanda cha karatasi kilipofanya kazi, tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009, kila mtu alijua harufu inatoka wapi. Bomba la moshi lilionekana kutoka mbali, hukuhitaji mtaalamu akuonyeshe. Siku hizi uchafu ni wa vipande vipande: mtu anaosha pikipiki mtoni, mwingine anasuuza pampu ya kunyunyizia dawa, kwingine maganda ya kahawa, kwingine choo kilichojaa. Uchafu wa aina hii hauna bomba la moshi. Unakamatwa na jirani aliyeuona asubuhi na ofisi inayofika kabla ya jioni, la sivyo haukamatwi kabisa.

Ofisi zipo

Najua kuna atakayesema, "Hii ni Kenya, serikali haijali maji." Sikubali. Baada ya siku zile tisa nimesoma sheria zaidi ya nilivyowahi kusoma, na nawahakikishia kwamba taasisi zipo, na nyingi. Kwa mtu wa kwetu, picha ni hii:

1. Maji ya bomba. Hii ni kazi ya kampuni za maji chini ya kaunti. Kwetu ni kampuni ya Nzoia, iliyoundwa kuhudumia miji kama Kitale, Webuye, Kimilili na Bungoma. Juu yake kuna WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji. Ripoti za bodi hiyo zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za nchi hii hayalipiwi, yanavuja au yanaibwa. Hilo ni shambulio la siku nyingine.

2. Mto wenyewe. Ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, iliyowekwa na sheria ya 2016. Hao ndio hutoa vibali vya kuchota maji mengi, hupima kina cha mito na ubora wa maji. Wamegawa nchi katika mabonde sita. Nzoia imo katika bonde la Ziwa Victoria Kaskazini, ofisi ya eneo iko Kakamega, na Kitale kuna ofisi ndogo.

3. Uchafu unaomwagwa. Ni NEMA, kwa Sheria ya Mazingira ya 1999 na Kanuni za Ubora wa Maji. Mtagundua kwamba namba 2 na namba 3 zinakutana kwenye povu lile lile la senge. Hapo ndipo nilipopigwa kama mpira.

4. Msitu unaozaa mto. Mlima Elgon na vilima vya Cherangani viko chini ya shirika la misitu, KFS, na mbuga ya Mlima Elgon iko chini ya KWS. Vyama vya wanajamii wa misitu vinatambuliwa na sheria.

5. Miradi mikubwa, mabwawa na mabomba makuu. Ni wakala wa Ziwa Victoria Kaskazini, makao yake Kakamega. Jina lake linafanana na la bonde lililo namba 2, mji ni ule ule, kazi ni tofauti kabisa. Jaribuni kumweleza senge hilo kwa simu.

6. Afya. Mtu akiugua kwa maji, kuna afisa wa afya ya umma wa kaunti.

7. Mito isiyojua mipaka. Nzoia huishia katika ziwa la nchi tatu, na Malakisi inatoka upande wetu wa mlima, inaingia Uganda na maji yake kwenda Ziwa Kyoga. Ndiyo maana kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake Kisumu, na Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa 1999, makao yake Entebbe.

8. Watumiaji wenyewe. Sheria inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, vile watu huita WRUA. Hawa ni majirani wa kijito kimoja wanaopanga zamu za kuchota, kulinda kingo na kupanda miti. Kwa maoni yangu ndiyo taasisi muhimu kuliko zote katika orodha hii, na ndiyo ngumu kuliko zote kuipata. Nimeishi Mabanga utoto wangu wote na sikuwahi kuisikia.

Juu ya yote kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Sheria nzuri jamani! Nzuri kama gari jipya ambalo hakuna aliyeambiwa ufunguo uko wapi.

"Basi ziunganishwe ziwe moja"

Hili nimeambiwa na kila niliyemsimulia. Ofisi nane za nini? Ziunganishwe.

Hapa ndipo taaluma yangu inanisaidia. Intaneti ina mashine zisizohesabika, na hakuna anayelia kwamba ni nyingi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayelazimika kukariri anwani zake. Tangu 1983 kuna mfumo wa majina ya vikoa, DNS: wewe unaandika jina unalolijua, mfumo unakutafutia anwani usiyoijua. Mashine ikihamishwa, anwani inabadilishwa kwenye jedwali, na wewe wala huna habari. Wingi wa ofisi haunisumbui. Anayelinda msitu na anayetengeneza bomba lililopasuka wana kazi mbili tofauti, na pengine ni vizuri wasiwe mtu mmoja. Kinachonisumbua ni kwamba mito yetu haina DNS. Senge anajua jina moja tu, jina la mto. Lazima jina hilo litoshe.

Majirani wetu wamelikaribia jambo hili zaidi yetu. Tanzania ina mabonde tisa, na mengi ya majina ya bodi zake unayaelewa bila kufundishwa: Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Bonde la Rufiji, Bonde la Wami/Ruvu. Ukijua mto, umejua ofisi. Upande wa pili wa mlima wetu huu huu, Uganda imeweka ofisi ya kanda ya maji ya Kyoga mjini Mbale. Uingereza kuna nambari moja ya simu ya kuripoti uchafuzi wa mto, saa 24. Marekani wana ukurasa uitwao How's My Waterway: unaandika mahali ulipo, unaonyeshwa mto wako na hali yake. Sisi tuliita bonde la Nzoia "Ziwa Victoria Kaskazini", jina ambalo mtu wa Mabanga, aliye mbali na ziwa, hawezi kulikisia hata akilala na kuamka.

Na sisi watu wa programu?

Sasa niwageukie wenzangu, maana kuilaumu serikali peke yake ni rahisi.

Nilipokuwa chuoni, mimi na wenzangu watatu tuliingia mashindano ya wikendi moja ya kuandika programu. Tukatengeneza ramani ya kuripoti uchafuzi wa mito. Unapiga picha, unabonyeza, nukta nyekundu inatokea. Majaji walipenda sana. Tukapata nafasi ya tatu, fulana na picha ya pamoja. Hakuna jaji aliyeuliza, na sisi hatukujiuliza, nukta ile nyekundu inakwenda kwa nani. Jibu ni kwamba ilikuwa inakwenda kwa Mungu peke yake.

Tangu wakati huo nimeona programu nyingi za namna hiyo. Zote ni watoto wa Ushahidi, ile ramani iliyozaliwa hapa kwetu baada ya vurugu za uchaguzi mapema 2008, iliyostahili sifa zote ilizopata. Lakini tuliiga nukta tukasahau kazi ngumu iliyo nyuma ya nukta. Kuchora ramani kunapendeza. Kupiga simu ofisi thelathini kuuliza "je, nambari hii bado inafanya kazi, na kijito fulani ni chenu?" hakupendezi, hakuna atakayekupa fulana. Ila bila kazi hiyo ramani yako ni pambo tu.

Na mnajua linalouma? Ufunguo wa jedwali upo tayari. Wataalamu wa maji waliigawa nchi zamani katika maeneo matano ya mifereji, wakayapa vijibonde misimbo. Kituo cha kupimia Nzoia pale Rwambwa, kwa mfano, ni 1EF01. Herufi na tarakimu tano, za kipekee, zinazokuambia uko kwenye bonde gani. Mwandishi yeyote wa hifadhidata angefurahi kupewa ufunguo safi namna hiyo. Sisi tumekalia kuunda programu mpya kila mwaka huku jedwali lenyewe halijajazwa.

Basi nataka nini?

Nataka vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, jedwali. Safu zake ni chache: jina la mto au kijito kama wenyeji wanavyokiita; msimbo wa kijibonde; chama cha watumiaji kama kipo; ofisi ya mto; ofisi ya uchafu; afisa wa afya; nambari ya simu; na tarehe ambayo nambari hiyo ilijaribiwa mara ya mwisho. Hiyo safu ya mwisho msiidharau. Orodha isiyo na tarehe ndiyo iliyonipotezea siku ya kwanza. Jedwali hili liwe wazi kwa kila mtu, liweze kusomwa hata kwa simu ya kubofya kwa kupiga nambari fupi, kama tunavyoangalia salio.

Pili, vibao. Mkisafiri barabara kuu mtaona kwenye madaraja mengi kuna kibao chenye jina la mto. Chuma kipo, rangi ipo, nguzo ipo. Ongezeni mstari mmoja: nambari ya kupiga mto huu ukichafuliwa. Mtoto anayechunga ng'ombe ataiona kila siku hadi aikariri. Hakuna programu ninayoweza kuandika itakayoshinda mstari huo wa rangi.

Tatu, tuulize kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, na ikikaa kimya unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mimi nimekwisha kupeleka barua yangu. Nimeuliza mambo mawili: vijito vinavyoingia Nzoia kutoka upande wa Bungoma viko chini ya chama gani cha watumiaji, na ni nambari gani ya simu inayopokelewa siku ya Jumapili. Barua yenyewe haikujaza ukurasa mmoja. Kila msomaji aliye karibu na mto anaweza kuandika ya kwake, awe Turbo, Moi's Bridge, Mumias au Port Victoria. Majibu yakija, jedwali linajazika.

Najua kuna mtu atasema, "Kwa nini usimwambie chifu tu?" Senge alimwambia, siku ile ile ya kwanza. Chifu ni mtu mwema pia. Alimuuliza senge: "Mama, unamjua mtu anayehusika na mito?"

Senge sasa anachota maji chemchemi ya mbali zaidi, mteremko kwenda na mlima kurudi, na umri wake mnaweza kuukisia. Wajukuu walipona, shukrani kwa Mungu. Aliyemwaga povu hatukumjua hadi leo, naye bila shaka anajua kwamba hakutafutwa.

Haya, nimemaliza, hasira imepungua kidogo. Somo la hifadhidata sehemu ya tatu litatoka wiki ijayo kama kawaida. Nilikuwa nimepanga tutumie mfano wa duka la vitabu, kama vitabu vyote vya chuo vinavyofanya. Nimebadili nia. Jedwali letu la mazoezi litakuwa la mito, na tutalijaza kwa kweli.